Kadi ya Juu ya Redio

Jumatatu, 1 Desemba

Nimekata shauri. Krismasi ya mwaka huu Mama anakula kwangu. Kwangu! Si kwa Dada.

Miaka mitatu mfululizo amekula kwa Dada. Mimi nina nyumba, nina meza, nina mke anayejua kupika. Nimemnunulia Mama kiti chenye mito, nikakiweka karibu na dirisha, na hajawahi kukikalia siku ya sikukuu. Anayekikalia ni paka. Inaniuma. Mbele za watu sisemi, lakini inaniuma sana.

Leo saa ya chakula nimelichunguza jambo hili kwa utulivu. Sebuleni kwa Mama kuna redio kubwa ya mbao, pembeni mwa kochi lake. Kila Desemba juu ya redio husimama kadi moja tu. Nyingine zote huishia kwenye droo. Miaka yote mitatu kadi iliyosimama pale ilikuwa ya Dada. Na Krismasi Mama akaenda wapi? Kwa Dada. Haihitaji elimu kubwa. Mwenye kadi juu ya redio ndiye mwenye Mama.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama si rahisi zaidi kwenda kumwomba Mama kwa mdomo, maana anakaa mkabala na posta, si ng'ambo ya bahari. Nikamwambia kuomba kwa mdomo ni kujirahisisha. Watu hutumiana kadi kwa nini basi? Ili jambo lisemwe kwa heshima, lina stempu, lina muhuri. Akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 3 Desemba

Kadi za Dada ni za aina gani, kwani? Zile za kununua pakiti nzima. Karatasi nyepesi, mshumaa mmoja, nyota iliyopinda. Na mimi nafanya kazi kiwanda cha uchapaji! Nishindwe na mshumaa?

Bosi alipotoka nimewasha mashine. Karatasi ngumu ya majalada. Kingo za dhahabu. Ukubwa wa sinia. Ndani nimejaza kurasa zote mbili kwa herufi ndogondogo ili maneno yaenee. Nimemsifu Mama, nimeisifu nyumba yangu, kiti nimekitaja mara kadhaa. Dada sikumsema vibaya. Nimeandika tu kwamba wapo watu ambao sebule zao hupitisha upepo, na upepo haufai kwa mtu mzima.

Bosi karudi ghafla, kaikuta inakauka. Akauliza ni ya mteja gani. Nikasema mteja mkubwa. Akaitazama kutoka kona hadi kona, akakubali kwamba kweli atakuwa mkubwa.

Posta sasa. Karani wa dirishani akaniambia hii si barua, ni mzigo. Nikamwambia ni kadi. Akaiweka kwenye mizani. Akauliza inakwenda mji gani. Nikamwonyesha kwa kidole: jengo lile pale ng'ambo ya barabara, lenye mapazia ya kijani. Akalitazama jengo. Akanitazama mimi. Akagonga muhuri. Huyu naye hajui mambo ya familia.

Jumamosi, 6 Desemba

Mama kapiga simu! Roho juu.

Kasema aliletewa hati ya kwenda kuchukua mzigo. Akashuka ngazi zote kashikwa mkono na jirani yake, yule mama fundi cherehani wa mlango wa pili, wakaubeba pamoja mpaka juu, wakipumzika kila kona. Kashukuru sana. Kasema ni kadi nzito na kingo zake ni laini, amezipapasa. Kisha akaniomba nimwambie nimeandika nini.

Mimi mjinga? Nikamwambia asome mwenyewe, nisije nikamharibia uhondo. Akasema haya, mwanangu. Akauliza nitapita lini. Nikasema kazini tumebanwa, ila akae mkao wa kupokea, kuna nyingine inakuja.

Kwa ujanja nikamuuliza kadi yangu kaiweka wapi. Nyuma ya mlango, akasema, haienei popote. Na juu ya redio? Ya Dada. Imeshafika!

Nimekaa nimeshika tama mpaka chai ikapoa. Lakini kukata tamaa? Ng'o!

Jumanne, 9 Desemba

Kosa nimeligundua. Ukubwa! Juu ya redio panataka kitu kidogo. Sasa kitu kidogo kitaushindaje mshumaa? Kwa sauti!

Fundi saa wa pale kona ameniuzia kadi inayoimba ukiifungua. Ina betri ndogo kama kidonge. Nani ataisukumia kwenye droo kadi inayoimba? Ndani nimeandika mstari mmoja tu: Krismasi ni kwangu, kiti kinakungoja. Bahasha, stempu, jina langu nyuma, nikaitumbukiza kwenye sanduku la barua mbele ya posta.

Dirisha la Mama lilikuwa wazi. Nimepita chini yake nimeinama kama niliyedondosha funguo, nisije nikaonekana nikaitwa juu. Nikipanda, kadi itakuwa na kazi gani tena?

Alhamisi, 11 Desemba

Mambo yamekwenda mrama.

Kadi imeanza kuimba ndani ya sanduku. Yenyewe, bila kufunguliwa. Karani wa posta, ambaye sasa ananijua, kapiga simu kazini niende haraka, kapokea Bosi. Nimefika posta nikakuta sanduku limezungushiwa kamba, watu wamejaa, askari anawaambia wasogee nyuma. Nikasogea nyuma na mimi. Kisha wimbo ukarudi kibwagizo na nikautambua.

Nimejieleza. Karani akafungua sanduku, akaitoa bahasha kwa ncha za vidole. Ikaimba kwa nguvu zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaitikia sauti ya pili, na wallahi alikuwa anajua kuimba. Karani akanipa kadi, akaniambia niipeleke kwa mkono wangu, mlango ule pale. Nikakataa katakata. Stempu nimelipia! Kaondoka nayo tarishi, anayegawa barua mtaa huo. Aliporudi akasema kwenye ngazi ilikoroma kidogo, halafu ikakata kauli.

Imemfikia Mama bubu. Nimejikaza. Mwanaume halii kwa sababu ya betri.

Jumatatu, 15 Desemba

Mbinu mpya. Kama yangu haipandi, ya Dada nyingine isipande. Si wizi! Ni kuichelewesha tu mpaka Januari.

Nimemvizia tarishi akipumzika kwenye kivuli cha baiskeli yake. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamsifia viatu. Nikamsifia kengele. Kisha nikamuuliza, kwa mfano tu, kama kadi kutoka kwa mwanamke fulani, muuguzi, kwenda kwa Mama yangu, inaweza kusahaulika ndani ya mfuko wa barua.

Kasema kwanza hataki kufukuzwa kazi. Pili, hajawahi kumpelekea Mama kadi ya muuguzi yeyote. Miaka yote anapanda ngazi zile, na kadi za humu mjini anazompelekea ni zangu tu.

Macho yalinitoka pima. Stempu hakuna, tarishi hakuileta, na kadi iko juu ya redio? Pana mchezo hapa.

Akaongeza kwamba Mama kila mara humkaribisha chai, humwomba akae walau kidogo, ila yeye mfuko unakuwa bado mzito. Sikuona hilo linahusiana nini na uchunguzi wangu. Nikamsifia tena kengele, nikaondoka.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimeshuhudia kwa macho yangu!

Nimejibanza kwenye ngazi za ghorofa la pembeni ya posta, ambako unaona moja kwa moja sebuleni kwa Mama. Dada akaingia na mfuko wa machungwa, bado na sare zake za wodini. Akachukua kadi ya mshumaa juu ya redio. Akakaa kwenye mkono wa kochi. Akaanza kumsomea Mama.

Kadi ile ina maneno mangapi? Salamu na jina! Lakini Dada kasoma, kasimama, kaeleza kwa mikono, kaigiza mtu anayetembea kwa madaha, kasoma tena. Mama kacheka mpaka kajifuta macho. Kisha kamenyewa chungwa. Kisha kadi ikasomwa upya, tangu mwanzo!

Nikaelewa kila kitu. Kampeni! Mchana kweupe, madirisha wazi, bila haya. Na kadi anaileta mwenyewe mkononi, bila stempu. Hiyo si kadi, hiyo ni rushwa yenye mshumaa.

Nikiwa bado nachungulia, fundi cherehani akanigusa bega. Alikuwa anapeleka gauni la mteja kwenye jengo hilohilo. Akauliza kama nimepotea. Mama yupo, akasema, panda tu. Nikamwambia nakagua mifereji ya paa. Akainua macho juu, akatafuta mifereji, akayashusha. Kanitakia kazi njema.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo uso kwa uso. Nimemsubiri Dada nje ya wodi mpaka zamu yake ilipokwisha, nikamtolea yote. Kadi bila stempu! Mkono kwa mkono! Tangu lini mtu akatuma kadi na kuifuata yeye mwenyewe?

Dada ananijua tangu nikiwa nanyonya. Kanitazama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano.

“Kwani wewe nani kakukataza kwenda?” akasema.

Nikamwambia hili ni suala la kanuni. Akauliza mara ya mwisho nilipanda zile ngazi lini. Nikajaribu kukumbuka, nikaona heri nibadilishe mazungumzo, nikamuulizia machungwa anakonunua. Hakucheka. Kalegeza sauti, kanisihi niende kumwona Mama, maana lipo jambo Mama anataka kuniambia mwenyewe, na amemkataza yeye asiliseme.

Mtego huo! Nikienda nitaambiwa ameshaahidi kula kwa Dada, nami nitakubali kama kondoo, maana kwa Mama sijawahi kujua kubisha. Siendi. Nikamwambia asante, tutaonana uwanjani. Akauliza uwanja gani. Nikashika njia.

Jioni nimebuni silaha ya mwisho: kadi ya majibu! Visanduku viwili. Kimoja: Ndiyo, nakuja kwako. Cha pili: Hapana. Mama anatia alama tu. Hakuna kuzunguka, hakuna machungwa. Nimemwangukia tarishi aipeleke Jumatatu, aisubiri mlangoni, airudishe. Kakubali ili nisimsifie tena kengele.

Jumanne, 23 Desemba

Jibu limekuja. Alama ipo. Ila haimo kwenye Ndiyo, wala haimo kwenye Hapana. Iko kule juu kabisa, katikati ya ua la karatasi nililobandika kama pambo. Alama kubwa, imepinda.

Nimeigeuza huku na huku. Mke wangu kaishika, kaitazama kwa muda mrefu, akasema polepole kwamba labda macho ya Mama hayako sawa. Nikamkatiza. Macho ya Mama! Mama huyuhuyu aliyekuwa ananiona nikichovya kidole kwenye sukari naye yuko chumba kingine? Hapana. Mama anapandisha dau. Ametaka ua, nitampa maua.

Hapo mke wangu akaiweka pasi chini. Akasema sikukuu keshokutwa, na kama siendi kumchukua Mama kwa miguu yangu, ataenda yeye, na mimi nitakula na paka. Hasemi mara mbili huyu. Nimekubali shingo upande. Lakini nimeandaa mwaliko wa mwisho wenye utepe, nikauweke mkononi mwake mwenyewe. Safari moja bila stempu haiui kanuni.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimeazima gari la kiwandani. Nimepanda ngazi. Ni nyingi zile ngazi, nilikuwa nimesahau.

Dada alikuwa ameshafika, anamfunga Mama kitambaa cha kichwani. Niliposalimia Mama akageuza uso upande wa mlango, si kwangu hasa, pembeni kidogo. Akanyoosha mkono. Akanishika shavu, akapitisha vidole kwenye nyusi, akauliza kama ni mimi kweli. Mwaliko ukanidondoka, utepe na vyote.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema watamfanyia upasuaji, ataona tena, ila zamu yake haijafika. Mama kasema hakutaka nihangaike, na kwenye simu hakujua aanzie wapi. Kadi zangu zote hajui hata moja inasema nini. Fundi cherehani alijaribu ile kubwa, akashindwa na herufi, na tangu hapo Mama akasema atanisubiri mimi mwenyewe nimsomee. Alama ya juzi, tarishi alimwambia tu atie alama, naye akaitia pale kidole chake kilipohisi karatasi imenyanyuka.

Akaniomba nisome. Nikatoa lile sinia nyuma ya mlango, nikakaa kwenye mkono wa kochi, nikasoma. Kwenye sebule zinazopitisha upepo Dada alikohoa, nikaruka mstari. Nilipofika kwenye kiti sauti ilikatika. Nikaanza tena, ikakatika tena. Mama akanipapasa mgongo.

“Kadi si kitu, mwanangu,” akasema. “Mimi nazipendea kitu kimoja. Anayekuja kunisomea hukaa.”

Ndiyo maana iliyosomwa hubaki juu ya redio, pale mkono wake unapofika, ili mgeni ajaye aisome tena. Akaniambia kila mara fundi cherehani alipomwambia niko kwenye foleni ya posta, yeye aliweka maji ya chai jikoni. Yalichemka, akayazima.

Nimelia. Sifichi. Nimelia mbele ya Dada, na Dada hakunicheka, kanipa kitambaa chake.

Nikamuuliza Mama, basi kwa nini kila Krismasi ni kwa Dada? Kashangaa swali lenyewe. Kwa sababu Dada hupanda kumchukua. Ngazi haziwezi peke yake, na wewe, akasema, ulikuwa unaleta kadi.

“Leo umekuja. Basi twende kwako.”

Tumeshuka naye, mkono mmoja mimi, mkono mmoja Dada, ngazi kwa ngazi. Amekikalia kiti. Ameipapasa mito, akasema ndicho hiki, kumbe. Paka akahamia mapajani mwake. Dada kala kwangu pia, kasifia chakula. Mama kaomba nisome tena kadi ile kubwa, na mke wangu akazima jiko aje asikilize. Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Ijumaa, 26 Desemba

Ushindi!

Nimeamka mapema, nimefikiri kwa kina, na somo liko wazi kabisa. Kadi zinafanya kazi! Kama nisingetuma kadi, jana ningesoma nini? Ningekaa pale nafumbata mikono. Kosa langu lilikuwa uchache. Mama anataka mtu aje, akae, amsomee. Basi! Kadi mbili tatu kwa mwaka zitamletea watu gani?

Kuanzia Januari: kadi kila wiki. Herufi za mabango, ili fundi cherehani asigombane na miwani yake. Nimeshampigia, kakubali kuingia kusoma kila kadi ikifika, na nimemsisitizia sana akae. Tarishi naye nimemwomba asiikimbie chai. Karani wa posta nimemtaarifu ajipange, akavua miwani, akafumba macho, nadhani kwa furaha. Bosi nimemwambia yule mteja mkubwa ameongeza oda. Mama atakuwa na wageni mwaka mzima, bila mimi kugusa ngazi hata moja. Dada na machungwa yake atanitambua.

Mke wangu akauliza kama nilimsikia Mama jana alichosema. Nikamwambia nimemsikia neno kwa neno, tena nimeandika, hili hapa. Akalisoma. Akanirudishia daftari, akaenda jikoni.

Mchana Mama kapiga simu. Kasema jana alilala na furaha kama mtoto. Akauliza kama Jumapili nitapita, aweke maji ya chai.

Nikamwambia kwa upole kwamba Jumapili sitaweza. Nina kadi zake za kuandika.